Ushauri: Datsun 240Z ya mjomba imemaliza rangi, ndani naanza kurudisha nini? (niko Mtwara)

MpwaWaMikindani
Wakuu habari za mchana, wakubwa shkamooni. Naomba ushauri maana hapa gereji kila mtu ana lake na fundi viti ameshaanza kuninunia.

Mjomba aliacha Datsun 240Z, ile ya milango miwili yenye pua ndefu, silinda sita cc 2400, ilikaa stoo Mikindani miaka na miaka juu ya matofali. Wazee wa Safari Rally (mbio za magari za Afrika Mashariki) wanaijua, ndo iliyochukua 1971 na 1973. Kwetu cha mjomba ni cha mpwa kwahiyo maneno hayakuwa mengi (yalikuwepo ila yameisha). Saa hizi bodi iko tayari, sakafu imechomelewa bati jipya pande zote, praima, rangi nyekundu imekubali mpaka watu wanasimama njiani, injini inawaka. Kilichobaki ni ndani, na ndani ni bati tupu mwanzo mwisho, vitu vyote viko kwenye maboksi chumbani kwa bibi na bibi anauliza kila siku vitatoka lini.

Fundi viti anataka aanze na kapeti na siti ili amalize achukue chake kabla minada ya korosho haijaanza, maana msimu ukishika kila mwenye bodaboda na Noah anataka siti mpya, hapo hanijui tena. Fundi umeme anasema asubiriwe yeye. Kioo cha mbele bado, kimeegemezwa ukutani. Dashibodi juu imepasuka vibaya, sponji inatoka unga unga. Hita naambiwa nitupe, Mtwara hii hita ya nini. Na chini ya kapeti sijui niweke nini, zile shiti za lami za kiwandani tulizibandua zote tukakuta kutu imejificha chini yake inakula taratibu.

Nianze wapi? Hela iliyobaki si ya kufanyia majaribio.

FundiMstaafu_Ligula
Marhaba mwanangu. Fundi viti mwambie asubiri, na akikasirika mpe siti akashonee kwake, siti hazihitaji gari kuwepo. Kapeti ndo kitu cha karibu na mwisho kabisa, sijui nani alimfundisha kuanza nayo.

Ndani ya gari unashuka kutoka juu, na unaanza na visivyoonekana. Dari kwanza, kwasababu kwenye hiyo gari dari imegandishwa kwa gundi moja kwa moja kwenye bati la paa na gundi inadondoka, sasa idondokee bati sio idondokee kapeti mpya. Halafu waya, halafu boksi la hita na mipira yake, halafu ndo dashi. Kioo baada ya dashi. Watu wengi wanaweka kioo kwanza kwasababu gari inapendeza ikiwa na kioo, lakini bolti za juu za dashi ya 240Z ziko pale pale kioo kinapokutana na bodi. Kioo kikiwa hakipo unasimama nje kama mtu mzima unaingiza spana kwa mbele umemaliza. Kikiwepo unalala chali kichwa kwenye pedeli na bolti ikikuponyoka inaingia kwenye tundu la hewa huioni tena.

Kioo kikishaingia mwagia gari maji. Sio ndoo, mpira wa bustani, nusu saa nzima, mtu mmoja akae ndani na tochi. Angalia kona za chini za kioo, angalia chini ya wipa kule kuna matundu ya kutolea maji kushoto na kulia, yakiziba majani maji yanashukia ndani miguuni. Hilo ndo lilioza sakafu yako ya kwanza, nakuhakikishia. Ikishakauka bila tone ndo uite watu wa kapeti.

KoroshoGhafi
Hita Mtwara 😂😂 mkuu tupa huko weka spika. Mi mwenyewe gari yangu AC tu haitoshi.

FundiMstaafu_Ligula
@KoroshoGhafi usimpotoshe mtoto. Lile boksi sio la joto tu, ndo linaloleta hewa ya nje kwenye matundu ya katikati ya dashi na ndo linalofuta ukungu kwenye kioo mvua za Januari. Gari haina AC, ukitoa boksi unabaki na madirisha tu na mvua inanyesha, utaendesha huku unapangusa kioo kwa leso? Kama maji ya moto yanakukera funga bomba lake, boksi na feni vibaki. Na kama kile kirejeta kidogo cha ndani hujakipima usikirudishe hivyo hivyo. Kijaze maji, kipe presha kidogo nje ya gari, maana kikija kuvuja dashi ikiwa imeshaingia ni kulia.

MpwaWaMikindani
Mzee umenifungua. Kwahiyo fundi umeme ndo mwenye haki kumbe, na yeye kaninunia pia.

Zedi_Nachingwea
Ndugu mpwa, mimi nimekaa sana na Datsun za zamani ila za kawaida, 120Y na 160J, lakini waya zao ukoo mmoja. Kabla dashi haijaingia ivalishe waya zake zote na geji zake ukiwa mezani, kwenye hiyo gari waya wa dashi unafungwa nyuma ya dashi yenyewe unaingia nayo. Safisha kila plagi, zile pini za shaba kwa hewa ya chumvi ya Mtwara zinakuwa kijani, brashi laini na siki kidogo halafu maji safi halafu kausha kabisa, weka grisi nyembamba. Weka gari betri dashi ikiwa imening'inia bado, washa kila kitu, taa, indiketa, wipa, honi, feni. Usiamini neno la fundi kwamba "hii iko sawa", washa uone kwa macho yako.

Sasa mambo mawili ya hiyo gari ambayo wengi hawakuambii. La kwanza, umeme wa taa kubwa unapita moja kwa moja kwenye swichi ya kwenye usukani, hakuna relei (kile kiswichi kidogo cha umeme kinachobeba mzigo badala ya swichi). Swichi inachoka, inapata moto, na boksi la fyuzi nalo kuna sehemu zinayeyuka plastiki. Muda huu uko wazi, weka relei za taa, bei sio kubwa na hazionekani. La pili, ile geji ya chaji ni ya ampia, sio volti, yaani umeme wa chaji unapita nyuma ya dashi mpaka kwenye geji na kurudi. Nati zake mbili za nyuma zikilegea hapo ndo unasikia harufu ya plastiki kuungua ukiwa Mnazi Mmoja usiku. Zikaze, weka washa za meno, kifuniko cha mpira.

Halafu ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bati la gari. Rangi mpya ni nzuri ila haipitishi umeme, pale kila waya wa ethi unapofungwa kwangua rangi mpaka bati, funga, halafu paka grisi. Gari nyingi zikitoka rangi taa zinawaka hafifu watu wanalaumu altaneta.

MtotoWaMtama
Chini ya kapeti weka ile lami ya kubandika ya paa, yenye karatasi ya silva juu, inauzwa duka la vifaa vya ujenzi, nafuu na inaua kelele. Mi niliweka kwenye Hilux safi kabisa.

BintiWaLeza_Lindi
@MtotoWaMtama kaka Hilux yako imepaki kivulini 😅. Ile ya paa ni lami, juani inalainika, gari ikifungwa vioo saa saba mchana inanuka na inaanza kutambaa. Achukue ya butili (aina ya mpira unaonata), inafanana kwa macho ila ukiibonyeza haikuachii weusi kidoleni. Na asijaze sakafu yote, robo tatu ya bati pana inatosha, kwenye mikunjo aache. Na lile zulia la manyoya la kuweka chini ya kapeti mi siliweki gari lolote linalolala pwani, linanyonya unyevu wa bahari hata kama hakuna mvua, likilowa haliambii mtu. Aweke sponji ile iliyofunga matundu, haishiki maji, akate vipande vipande ili siku akitaka kuinua aone bati ainue.

Mpwa, mimi kazi yangu ndo hiyo, nashona siti na kuvalisha gari hapa Lindi mjini, nilirithi cherehani kwa baba. Niseme kwenye leza, yaani ngozi ya bandia. Hiyo gari ina ile leza ya kufinyangwa daimondi daimondi kwenye tanoo (lile tuta la katikati ya sakafu) na kwenye yale mabega ya nyuma ya sospenshen. Kama ya zamani haijapasuka usiitupe hata ikiwa chafu, sabuni ya unga kidogo na brashi ya kucha inarudi. Kama imekufa tumia kipande cha zamani kama patani, usipime kwenye bati. Yale mabega ya nyuma yana umbo la mviringo, leza ikiwa baridi haikubali kulala, anika juani saa sita mpaka iwe kama chapati ya moto ndo uivute, mchana wetu unatosha hauhitaji mashine ya hewa moto. Gundi paka pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa hainati kwenye kidole, halafu bandika kuanzia katikati ukifukuza hewa kwenda pembeni. Wengi wanabandika ikiwa mbichi, jioni inapendeza, wiki inayofuata imevimba. Na nunua gundi inayovumilia joto, ile ya bei ya chini ya viatu dari litakudondokea kichwani ukiwa barabara ya Kibiti.

Siti zako vua kava uone chini ya sponji, kuna mikanda ya mpira imepita kulia kushoto, lazima itakuwa imekauka inakatika ukiigusa. Usiweke tyubu ya baiskeli kama wanavyofanya, inalegea. Mikanda ile ya sofa ya kusuka, ifunge kwa nguvu, siti inarudi kama mpya na sponji ya zamani unaweza kuiongezea tu juu badala ya kuibadilisha yote.

MpwaWaMikindani
Dada asante sana, sasa dashi je? Fundi viti anasema ataivalisha leza nyeusi nzima siku moja.

BintiWaLeza_Lindi
Siku moja haiwezekani akikuahidi mkimbie. Yale matundu ya geji yameingia ndani, leza ukiivuta inataka kuruka juu ya shimo kama ngoma, baada ya jua mbili tatu inaachia. Kinachotakiwa kwanza ni ufa wenyewe. Kata kingo za ufa ziwe na umbo la V, toa sponji yote iliyokuwa unga, jaza kwa kitu kinachopinda, usijaze puti ya bodi, ile ni ngumu, dashi inapanuka juani na kusinyaa usiku na puti haipanuki kwahiyo ufa unarudi pembeni yake. Piga msasa taratibu, halafu rangi ya leza nyeusi isiyong'aa. Haitakuwa kama ya kiwandani ila ukiwa umekaa huioni. Kuna na zile kava ngumu za plastiki za kubandika juu, zinaagizwa nje, ukiwa na haraka. Mimi ningetengeneza.

MstaafuWaBandari
Ngoja niongeze moja mmeisahau wote. 240Z inajulikana kwa moshi wa ekzosi kuingia ndani ukiwa unaendesha, hewa inauvuta kwa nyuma kupitia mpira wa mlango wa nyuma, mipira ya taa za nyuma na kila tundu la waya lililoachwa wazi. Sio harufu tu hiyo, ni sumu, unaumwa kichwa unadhani jua. Kabla hujaweka trimu (vifuniko vya ndani) za nyuma badilisha hiyo mipira, ziba matundu yote, halafu usiku mtu akae ndani na nje mtu apige tochi, kunakopita mwanga kunapita moshi. Trimu zikishaingia huoni kitu.

Na milangoni usisahau nailoni nyuma ya paneli. Maji yanaingia mlangoni kila mvua, ndivyo ilivyotengenezwa, yanatoka chini kwenye matundu. Bila nailoni yanalowesha hadibodi ya paneli inavimba na klipu zinang'oka. Nailoni nzito ya kuanikia ufuta inafaa kabisa.

Kuhusu 1973, pale dereva Shekhar Mehta na 240Z yake alifungana pointi na Datsun nyingine, ikabidi waamue kwa kanuni. Tulikuwa tunasikiliza redioni. Basi niwaache.

MpwaWaMikindani
Wakuu nimewasoma wote. Fundi viti nimempa siti na paneli za milango akae nazo kwake, amecheka kidogo. Fundi umeme anaanza Jumatatu na dashi iko mezani, relei nimeagiza Gerezani, Dar, zinakuja na basi. Dada wa Lindi, nikikuletea ile leza ya daimondi ya zamani unaweza kupata inayofanana, au niagize nje?

BintiWaLeza_Lindi
Lete kipande usitume picha, simu zinadanganya rangi. Daimondi za upana ule sioni dukani ila naweza kuzichora na kuzishona juu ya sponji nyembamba, utakuta mshono badala ya mfinyango. Kama unataka ya asili kabisa agiza, ila pima tanoo kwanza baada ya kuweka butili, inaongeza unene.