Stata: rekodi zinazidi, nikiweka bindquote(strict) zinapungua

Mpima_Kaya

Wakuu, naomba msaada. Nina faili la dodoso la kaya lililotolewa kwenye seva, kaya.txt. Kitenganishi ni nukta mkato na safu ni tisa: nida (namba ya kitambulisho cha taifa), simu, mkoa, wilaya, kata, tarehe, watu, kipato, maoni. Seva inasema rekodi ni 4,812. Nikitumia import delimited (amri ya kuingiza faili) ya Stata 17, programu ya takwimu, bila nyongeza yoyote napata 4,960, na kwenye safu ya nida vinatokea vipande vya maoni. Nikiweka bindquote(strict) zinashuka hadi 4,655, halafu NIDA inageuka 1.99e+19. Kipato nacho ni maandishi, maana kuna walioandika 350,000/= na wengine 350000. Nianzie wapi?

msimbo_dom

Anza na tofauti ya hesabu, kwa sababu mwelekeo wake unakuonyesha ugonjwa.

Rekodi zikizidi, ndani ya maoni kuna watu waliobonyeza Enter. Stata kwa kawaida hutumia bindquote(loose), yaani alama ya kufungua na ya kufunga nukuu lazima ziwe mstari mmoja. Maoni yakivuka mstari, kila kipande kinakuwa rekodi mpya na kinaangukia safu ya kwanza.

Rekodi zikipungua chini ya strict, kuna alama ya nukuu isiyo na mwenzake. Strict ikikuta " inaendelea kutafuta ya kufunga hata mistari ya chini, na zote zilizo katikati zinamezwa ndani ya maoni ya mtu mmoja. Mchawi wa kawaida ni alama ya inchi: mtu kaandika bomba la 3". Angalia seva yako imeiandikaje:

```
findstr /n "\\" kaya.txt
```

(Mac au Linux: `grep -n '\\' kaya.txt`.) Ukiona 3\" basi seva inakinga nukuu kwa mkwaju wa nyuma, na Stata haiuelewi. Inachojua ni nukuu mbili mfululizo. Badilisha kwanza, kwenye nakala:

```
filefilter kaya.txt kaya2.txt, from(\BS\Q) to(\Q\Q)
import delimited using kaya2.txt, delimiters(";") ///
  bindquote(strict) maxquotedrows(unlimited) ///
  varnames(1) stringcols(_all) encoding("UTF-8") clear
```

maxquotedrows usiisahau. Kiwango cha kawaida ni mistari 20 ndani ya nukuu moja.

stringcols(_all), inayosoma safu zote kama maandishi, ndiyo dawa ya NIDA. Namba ile ina tarakimu 20, na aina ya namba iitwayo double inashika namba kamili bila kosa hadi 9,007,199,254,740,992 tu. Jaribio lako la kwanza NIDA ilisalimika kwa bahati: vipande vya maoni viliilazimisha safu kuwa maandishi. Simu nazo zitabaki na sifuri ya mbele. Na faili usilifungue kwa Excel ukalihifadhi, maana yenyewe inaishia tarakimu 15, zinazofuata inazifanya sifuri, na hapo hazirudi tena.

safu_na_mstari

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila kabla ya kuagiza chochote mimi ningehesabu vitenganishi. R, programu nyingine ya takwimu, inafanya hivyo vizuri, hata kama uchambuzi utaufanyia Stata:

```
n <- count.fields("kaya2.txt", sep=";", quote="\"",
       comment.char="", blank.lines.skip=FALSE)
table(n, useNA="always")
which(n != 9)
```

NA maana yake mstari uko ndani ya nukuu ambayo bado haijafungwa, hivyo usishtuke. Zinazotafutwa ni 8, 10, 11.

Hiyo quote="\"" si pambo. Bila kuitaja, count.fields na read.table huchukulia ritifaa kuwa alama ya nukuu pia. Data za kwetu zina Chang'ombe na Ng'ambo, kwa hiyo R itafungua nukuu kwenye Chang', itameza mistari yote hadi ikutane na ritifaa nyingine, kisha itakuonya "EOF within quoted string" au isiseme kitu kabisa ritifaa zikiwa shufwa. read.csv haina tatizo hilo.

Ukiwa bado kwenye ritifaa: simu nyingi huandika ’ ya kupinda badala ya ' iliyonyooka. Kwa Stata hizo ni kata mbili tofauti, na merge (amri ya kuunganisha mafaili) haitazioanisha. Ukiona Changâ€™ombe, usimbaji uliotaja siyo. Ukisharekebisha:

```
replace kata = usubinstr(kata, uchar(8217), "'", .)
```

Mpima_Kaya

Mkwaju wa nyuma ndio ulikuwa kiini. Sasa rekodi ni 4,812. Ila which() imenipa mistari 11 yenye vipengele 10, yote chini kabisa ya faili. Ni wilaya moja iliyochapwa kwa mkono ikaunganishwa baadaye, maoni hayana nukuu na ndani yake wameweka nukta mkato.

safu_na_mstari

Una bahati maoni ni safu ya mwisho. Kata kwenye vitenganishi vinane vya kwanza, kinachobaki chote ni maoni:

```
x <- readLines("kaya2.txt", encoding="UTF-8")[which(n != 9)]
m <- stringr::str_split_fixed(x, ";", 9)
```

Fanya hivyo kwa hiyo 11 tu, kwa sababu str_split_fixed haiheshimu nukuu. Maoni yangekuwa katikati, ungehesabu kutoka pande zote mbili.

msimbo_dom

Kipato sasa. Tazama kwanza visivyo vya kawaida:

```
tab kipato if regexm(kipato, "[^0-9,/= ]")
destring kipato, gen(kipato_n) ignore(",/= ")
```

Kukiwa na "laki 3", destring (inayogeuza maandishi kuwa namba) itagoma, na ndivyo inavyotakiwa. Usitumie force, itavifuta kimyakimya viwe tupu. Wanaoandika 350,000/- watakushawishi uongeze kistari kwenye ignore: usifanye hivyo kabla ya kutafuta walioandika 200,000-300,000, la sivyo kaya hiyo itakuwa na kipato cha 200000300000. Wapo pia wa 350.000, hao wanasomeka 350, kwa hiyo orodhesha kipato_n < 1000 uwaone kwa macho.

Tarehe ni date(tarehe, "DMY"), halafu hesabu zilizotoka tupu. Zile ambazo siku na mwezi vyote havizidi 12 zitapita hata zikiwa zimegeuzwa, na wilaya ile iliyochapwa kwa mkono ndiyo ningeikagua kwanza.