Muvi za Krismasi ambazo watu hawaziongelei, tupeane hapa

Mjomba wa Tegeta
Wakuu habari za saa hizi. Desemba ndo hiyo imeingia na kwangu najua kabisa itakuwaje, tarehe 24 jioni mtu atawasha tivii tutamwangalia tena yule dogo wa Home Alone akiwapiga wezi na makopo ya rangi, muvi ya 1990 hiyo, watoto wanaongea maneno kabla steringi hajafungua mdomo. Sina ugomvi nayo, ni nzuri, ila mwaka huu nataka kitu kingine. Nakaa na watoto wawili wa marehemu kaka yangu, wa kiume wote, mmoja darasa la tatu mwingine la sita, na hii ndo Krismasi yao ya kwanza bila baba. Sitaki zile za theluji na mabusu ambazo ukiangalia dakika kumi za mwanzo ushajua inaishaje. Nataka muvi ya Krismasi yenye maisha ndani yake, na sisi wakubwa tukae nayo bila kushika simu. Ya zamani, mpya, ya Kizungu, ya Kinaija, lete tu, ila niambie ina nini, usinitajie jina ukapita.

Dada wa Kihonda
Pole sana kaka yangu kwa msiba, Mungu akutie nguvu na hao watoto. Kwa umri huo tafuta Millions, ya Uingereza, 2004, kaiongoza Danny Boyle. Sijui kwa nini watu hawaiongelei kabisa hii muvi maana mimi nikiulizwa ndo ya kwanza kuitaja.

Kuna ndugu wawili, Anthony na Damian, mama yao amefariki, baba amewahamishia nyumba mpya. Yule mdogo Damian kajijengea kibanda cha maboksi pembeni ya reli, siku moja treni inapita, begi linaruka linaangukia kibanda chake, kufungua ndani kuna paundi zaidi ya laki mbili. Sasa kwenye hiyo hadithi Uingereza inaacha paundi inaingia euro, siku chache tu zimebaki hizo hela zote zigeuke makaratasi. Mkubwa anataka kununua vitu, mdogo anataka kuwagawia maskini, na hapohapo mwizi aliyeziiba hizo hela anazitafuta.

Ila kilichonishika mimi sio hela. Damian huwa anatokewa na watakatifu, wanakuja kabisa wanakaa wanaongea naye, na yeye akishaona ni mtakatifu anamuuliza, huko mbinguni umemwona Mtakatifu Maureen? Maureen ndo jina la mama yake. Anauliza hivyo bila kulia, kama mtoto anavyoulizia mtu aliyechelewa kurudi sokoni. Na hao wanaomtokea sio Wazungu watupu, Mashahidi wa Uganda nao wamo, yupo mmoja anaitwa Gonzaga, sasa sisi ambao kila tarehe 3 Juni tunawaadhimisha na nyumbani kwetu kuna watu wameenda mpaka Namugongo kuhiji, kuwaona hao ndani ya muvi ya Krismasi ya Uingereza aisee niliita nyumba nzima waje waone. Usiwaachie waangalie peke yao, kaa nao, karibu na mwisho kuna sehemu ya usiku pale relini watataka mtu wa kumwegemea.

Jirani Mtulivu
Ya Kinaija ipo, A Naija Christmas ya Kunle Afolayan, 2021, iko Netflix. Mama ana wavulana watatu hakuna aliyeoa, anawaambia atakayeoa wa kwanza anapewa nyumba, basi hapo ndo fujo inaanza. Ni ya kucheka zaidi lakini huyo mama, Rachel Oniga, alifariki Julai 2021 muvi haijatoka bado, ukilijua hilo unamwangalia kwa jicho lingine. Anaigiza mama wa Kiafrika hasa, yule wa kulalamika huku anakujazia sahani.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, mnajua hata It's a Wonderful Life ya 1946, ambayo leo kila Mmarekani anaijua, ilipotoka haikurudisha gharama? Ilikuja kupendwa baadaye, mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, vituo vya televisheni vikawa vinaionyesha kila Desemba bila kulipia, watu wakaizoea. Kwa hiyo zipo nyingi nzuri zimekaa pembeni kwa sababu tu hazikupata bahati ya kurudiwarudiwa.

Mimi nakupa The Shop Around the Corner, 1940, ya Ernst Lubitsch. Ni duka la mikoba na vitu vya ngozi Budapest, wafanyakazi wawili hawapatani kabisa dukani, kumbe wanaandikiana barua za mapenzi bila kujuana. Lakini mtu wa kumwangalia ni mwenye duka, Mzee Matuschek, ndoa yake imevunjika. Mkesha wa Krismasi duka limefungwa, mauzo yamekwenda vizuri, amesimama nje kwenye theluji anawauliza wafanyakazi mmoja mmoja anakwenda kula wapi, kila mtu ana kwao. Anabaki kijana mpya anayetumwatumwa, Rudy, hana ndugu mjini. Mzee anamwalika, anaanza kumtajia chakula, supu ya kuku, bata bukini wa kuokwa, viazi, na kadiri anavyotaja unaona sura yake inachangamka. Nimefundisha miaka mingi, sijaona upweke ukielezwa vizuri namna ile.

Kijana wa Kibanda Umiza
Shikamoo mwalimu. Naheshimu sana ila mtoto wa darasa la tatu na muvi isiyo na rangi hawezi mzee wangu, tena watu wanaongea mwanzo mwisho, atalala. Hao wape Arthur Christmas, 2011, ya katuni, zawadi ya mtoto mmoja imesahaulika, yule kijana wa Santa anaondoka usiku na babu yake kuipeleka, wanapotea njia wanatua mbugani huku Afrika wanazingirwa na simba. Hapo watoto kimya.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Basi iangalieni wakubwa, mimi sina shida. Na mtu akipenda historia atafute Joyeux Noël ya Christian Carion, 2005. Krismasi ya 1914 kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wafaransa, Waskoti na Wajerumani wanaacha kupigana, wanaimba, wanapeana chokoleti, wanazika maiti zao. Kuna paka anapita pande zote, Wafaransa wanamwita Nestor, Wajerumani Felix. Baadaye wakubwa wao wakijua, wanaadhibiwa. Kumbukeni Novemba ya mwaka huohuo vita hiyohiyo ilikuwa imeshapiganwa Tanga.

Dada wa Kihonda
Mkuu na ya kwako mwenyewe, watoto wakishalala, The Holdovers ya 2023. Shule ya bweni Marekani, Desemba 1970, wote wameenda likizo kabaki mwanafunzi ambaye kwao hawamtaki, mwalimu anayechukiwa, na mpishi Mary ambaye mwanawe alisoma hapohapo, ada ya chuo ikakosekana, akapelekwa Vietnam akafia huko. Da'Vine Joy Randolph alipata Oscar kwa huyo Mary. Kuna sehemu anaenda kwa mdogo wake ambaye ni mjamzito, amebeba nguo za utotoni za marehemu mwanawe, anazipanga moja moja kwenye droo. Haongei. Ina matusi lakini, ndo maana nasema watoto walale.

Mjomba wa Tegeta
Asanteni sana, sikutegemea haya yote. Tarehe 24 ni Millions, nimeshamwambia shemeji naye aje tukae wote, hii ya simba nawawekea tarehe 25 mchana. The Holdovers naitafuta kwa ajili yangu na shemeji, sijui kama ataiweza mwaka huu, nitamwuliza kwanza. Mwenye Joyeux Noël yenye maandishi ya Kiingereza chini anicheki pm, Kifaransa sijui kabisa. Nitaleta mrejesho.