Whisky ya mahindi na kimea cha shayiri: naombeni mwongozo wa uji wa kwanza

Mgeni_wa_Kimea: Wakuu, habari za leo. Nataka kupika uji wangu wa kwanza wa nafaka tupu, bila sukari. Nina mahindi kilo 3.5, kimea cha shayiri kilo 1.5, sufuria ya lita 30, kipimajoto na haidromita (kifaa cha kupima uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji, hivyo huonyesha sukari iliyomo). Maji nimepanga lita 18. Je, nichanganye vyote kwa pamoja kwenye nyuzi 65? Na mahindi nisage unga laini wa sembe?

Mparazaji: Hapana kwa yote mawili, mkuu. Wanga wa mahindi haufunguki vizuri kwenye 65. Unataka kupikwa kwanza, na joto hilo la kupikia linaua vimeng'enya vya kimea, yaani vile vitu vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Ndiyo maana hatua ni mbili.

Mashineni waambie waparaze, wasisage. Unga laini unashikamana kama gundi, unaungua chini ya sufuria na kuchuja kwake ni adhabu. Mahindi hayana makapi ya kusaidia kuchuja. Kimea nacho kipasuliwe tu, maganda yabaki.

Pasha lita 14 hadi 65, tia gramu 200 za kimea, kisha nyunyiza mahindi huku ukikoroga. Hicho kimea kidogo hulegeza uji kabla haujawa ugali. Pandisha taratibu hadi uchemke, shikilia saa nzima kwa moto mdogo, mwiko usitoke chini. Zima. Ukishuka hadi 85, mimina lita 4 za maji baridi ulizobakiza. Utajikuta kwenye 72 au 73. Koroga hadi 68 ndipo utie kimea kilichobaki, nacho kitashusha nyuzi moja au mbili. Funika, zungushia blanketi, acha dakika 90. Ukishuka taratibu hadi 63 ni sawa.

Kosa kubwa la wanaoanza ni haraka: wanatia kimea kwenye 75 au 80. Kimeng'enya kinachotoa sukari inayochachuka vizuri hakivumilii hata 70 kwa muda mrefu. Uji utakuwa mwepesi na mtamu mdomoni, lakini hamira itakwama katikati.

Fundi_Pipa: Naongeza kwa Mparazaji. Dakika 90 zikiisha, pima kwa iodini: matone machache ya maji ya juu kwenye sahani nyeupe, kisha tone la iodini. Likigeuka bluu-nyeusi, wanga bado upo, ongeza nusu saa. Likibaki rangi ya kahawia au njano, umemaliza. Chukua maji tu, kwa sababu punje na maganda huwa nyeusi hata uji ukiwa umeiva. Sampuli hiyo tupa, usirudishe.

Maji ya kisima yenye magadi mengi hupandisha pH (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu umepungua). Lengo ni 5.2 hadi 5.6, na limau kidogo kidogo hutosha kushusha. Kama mambo yakienda sawa, haidromita itasoma karibu 1.050. Ikisoma 1.030, mahindi hayakuiva au yaliparazwa makubwa mno.

Mgeni_wa_Kimea: Asanteni sana. Kimea cha shayiri huku ni ghali. Naweza kutumia cha mtama?

Mparazaji: Kwa togwa kinatosha, kwa whisky kinakuangusha. Mtama una kidogo kile kimeng'enya nilichokutajia, hivyo pombe hupungua. Ukilazimika, changanya nusu kwa nusu, na baada ya kukausha sugua uondoe mizizi na machipukizi yote. Chipukizi la mtama lina kemikali ya asili inayozaa sianidi, ambayo ni sumu, hilo si la mzaha.

Fundi_Pipa: Hamira: uji ushuke hadi 28 au 30, koroga kwa nguvu uingie hewa, tia gramu 1 kwa lita. Hamira ya mkate inafanya kazi. Ukitia kwenye 38 utapata harufu ya rangi ya kucha. Siku nne hadi saba, hadi haidromita isome karibu 1.000 na isibadilike siku mbili. Kwa kuwa uji huu hauchemshwi baada ya kimea, vimeng'enya huendelea kukata sukari ndani ya ndoo, ila na bakteria wa uchachu nao wanapenda hali hiyo. Ndoo isafishwe vizuri.

Upande wa sheria: hadi kuchachua, hiyo ni pombe ya nafaka tu. Kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake upate kali, ni jambo jingine. Tanzania, gongo ni haramu. Kenya, sheria ya 2010 iliruhusu chang'aa, lakini kwa leseni. New Zealand imeruhusu kukeneka nyumbani kwa matumizi binafsi tangu 1996. Angalia uliko kabla ya kununua mtambo.

Mgeni_wa_Kimea: Na machicha, nichuje kabla au baada ya kuchachuka?

Mparazaji: Baada. Kwenye mahindi kuchuja mapema kunakupotezea sukari nyingi. Chachua na machicha yake, kisha mimina kwenye mfuko wa wavu, kamua, acha maji yatulie usiku mmoja na uyavute kwa mpira wa kunyonyea, tope libaki chini. Machicha wape kuku kidogo kidogo, bado yana pombe.