Nilimwondoa mwenzetu kundini kwa sababu ya maoni yake kuhusu michango ya harusi. Naomba ushauri wa namna ya kulirekebisha

Mwenyekiti_Moro

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limeninyima utulivu kwa wiki tatu sasa. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha watu 86 tuliosoma pamoja chuo cha ualimu mkoani Morogoro. Tuna kundi la WhatsApp tunamoongea kila siku, na tuna mfuko wa maafa ambao kila mmoja anauchangia shilingi 10,000 kwa mwezi. Mwanachama akifiwa na mzazi, mwenzi au mtoto, mfuko hutoa shilingi 500,000, na walio karibu huenda msibani kwa niaba ya wengine.

Mwezi Januari mwenzetu mmoja alikuwa anamwoza binti yake. Kamati ya harusi iliweka kundini tangazo la ahadi, kadi ya mtu mmoja shilingi 100,000 na ya watu wawili 150,000, na kila jioni orodha ya walioahidi ilirudishwa ikiwa imeongezewa majina, kama ilivyo kawaida yetu. Siku ya tatu dada mmoja, mtu mpole ambaye kwa miaka sita hajawahi kuchelewesha mchango wa mfuko, aliandika hivi: "Mimi naona michango ya harusi imegeuka kodi. Mtu anayekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili apate kadi hasherehekei, anaumia. Kuanzia leo sitachangia harusi ya mtu yeyote. Misiba na ugonjwa nitachangia kama kawaida."

Katika muda wa saa moja zilikuja jumbe zaidi ya mia. Wapo waliomjibu kwa hoja. Wapo waliomwita mchoyo, na wawili waliandika kwamba uchungu wake unatokana na kutoolewa na kutokuwa na mtoto. Mtu mmoja, ambaye mpaka leo hajajitaja, alipiga skrinishoti ya ujumbe wake na kuituma kwenye kundi la walimu wa shule anakofundisha dada huyo. Wanachama sita walinifuata pembeni wakasema kwamba asipoondolewa wataondoka wao na kudai fedha zao. Saa nne usiku nikamwondoa, nikaandika kwamba amekiuka kifungu cha 9 cha katiba yetu kinachosema kuwa mwanachama anayevuruga umoja wa kikundi anaweza kuondolewa. Sikumpigia simu kwanza.

Mwanzoni mwa Machi baba yake mzazi alifariki. Mtunza hazina aliniuliza kama tutoe rambirambi, nami nikajibu kwamba huyo si mwanachama tena. Fedha haikwenda, na hakuna aliyekwenda kuzika. Tangu siku hiyo kundi limekuwa kimya kwa namna ambayo sijawahi kuiona, na usingizi wangu umekuwa wa vipande.

Naomba mniambie: je, kikundi binafsi hakina haki ya kuchagua cha kusikia na cha kutosikia? Na kama nilikosea, nimrudishe vipi bila kulipasua kundi?

Mwana_Kirumba

Mwenyekiti, mimi sitakubaliana na watakaokulaumu kwa kila kitu. Mchango wa harusi kwetu ni deni linalozunguka. Baba yangu aliwachangia wenzake, wenzake wakaja kunichangia mimi, nami nitawachangia watoto wao. Mtu akitangaza mbele ya wote kwamba amejitoa katika mzunguko huo, wakati mama wa bibi harusi anasoma na bajeti ya ukumbi bado haijatimia, maneno yake yanamfikia mama huyo hata kama hakutajwa. Angeweza kunyamaza, akaacha kutoa ahadi, na hakuna ambaye angemfuata. Uhuru wa kusema uwe na macho ya kuona msemaji anasema wapi na lini.

Lakini rambirambi mngetoa. Hapo sina utetezi kwa ajili yako.

Sheria_na_Mtaa

Mwenyekiti, swali lako la kwanza watu wengi hulijibu kwa haraka pande zote mbili. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na Ibara ya 30 inaeleza mipaka ya haki hizo, ikiwamo haki za watu wengine. Kinga hiyo kwa kawaida huelekezwa kwa dola. Haimaanishi kwamba kila kundi la simu linalazimika kumpa kila mtu nafasi ya kusema kila kitu, na mkiamua kwamba kundi lenu ni la taarifa za misiba tu, hamjamnyang'anya mtu haki yake ya kikatiba.

Kundi lenu, hata hivyo, lina mfuko, na mfuko una katiba yake ambayo ni makubaliano kati yenu wote 86. Dada huyu ameweka humo shilingi 10,000 kila mwezi kwa miaka sita, yaani shilingi 720,000. Hebu soma tena katiba yenu uone ni nani mwenye mamlaka ya kumfuta mtu uanachama. Katiba za vikundi vingi nilizowahi kuzisoma huupa mkutano mkuu mamlaka hayo, tena baada ya mhusika kuitwa na kusikilizwa. Ikiwa yenu iko hivyo, basi ulichofanya saa nne usiku kilikuwa kumtoa kwenye kundi la simu, na uanachama wake katika mfuko haukuguswa kabisa. Siku baba yake anafariki alikuwa mwanachama kamili, na shilingi 500,000 zilikuwa stahili yake.

Kuhusu kusikilizwa, Ibara ya 13(6)(a) inasema kwamba haki na wajibu wa mtu unapohitaji uamuzi wa mahakama "au chombo kinginecho kinachohusika", mtu huyo apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Sitaki kubishana hapa kama kamati ya kikundi ni chombo cha namna hiyo mbele ya jaji. Nataka tu uone kwamba jambo ambalo hukulifanya, yaani kumpigia simu moja kabla ya kubonyeza, limeonekana kuwa zito kiasi cha kuandikwa katika sheria mama ya nchi.

Mama_Chumbageni

Mwenyekiti, nimeusoma ujumbe wa dada huyo mara tatu nikitafuta mahali alipomtukana mtu, na sikupaona. Ameizungumzia desturi, akasema atafanya nini na fedha zake mwenyewe, na akabainisha wajibu ambao hataukwepa. Waliomjibu ndio walioiacha desturi wakaanza kuzungumzia tumbo lake. Wewe uliyasoma maneno yote hayo katika usiku mmoja, na aliyetolewa ni yeye.

Mimi nimeishi miaka kumi na nne katika ndoa bila mtoto kabla Mungu hajanijalia. Ninajua sentensi ile inavyoingia mwilini. Mtu anaweza kuisahau hoja aliyoshindwa, lakini hilo halisahau, na anakumbuka vilevile ni nani waliokuwepo wakanyamaza. Kwa hiyo kabla hujauliza namna ya kumrudisha, jiulize anarudi kukaa na nani, na wale wawili wameambiwa nini.

Mwenyekiti_Moro

Mama, nimeyasoma maneno yako nikalazimika kuiweka simu chini. Ni kweli kwamba wale wawili sijawaambia lolote mpaka leo. Nilikuwa nimehesabu idadi ya waliokasirika, na kwa kuwa hasira yote ilielekea kwake, nikaona kwamba yeye ndiye chanzo cha vurugu.

Ndugu Sheria, nimeifungua katiba yetu. Kifungu cha 12 kinasema kufutwa uanachama ni kwa theluthi mbili ya mkutano mkuu. Mkutano haukuitishwa. Nimepekua pia daftari la kamati za harusi, na nimekuta kwamba dada huyu amechangia harusi 11 za wenzetu na watoto wao, na yeye mwenyewe hajawahi kuchangiwa hata shilingi.

Na ile skrinishoti iliyopelekwa shuleni kwake, je, ina uzito wowote?

Sheria_na_Mtaa

Ina uzito. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pamoja na Tume yake inayopokea malalamiko. Jina lake na namba yake ya simu vilivyoonekana kwenye picha ile ni taarifa binafsi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo, katika kifungu cha 23, inagusa jumbe zinazotumwa kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia mtu msongo wa mawazo. Simshauri mtu akimbilie polisi kwa ugomvi wa wanafunzi wa zamani, lakini wale wawili, na huyo wa skrinishoti, wafahamu kwamba ikiwa kuna mtu wa kuogopa sheria katika kisa hiki, si dada huyu.

Mkaazi_wa_Kisumu

Ninaandika kutoka Kenya, na kilichonigusa zaidi ni kifungu chenu cha 9. "Kuvuruga umoja" ni maneno ambayo yanaweza kumkamata mtu yeyote siku yoyote. Sisi tulikuwa na kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichofanya kuwa kosa kutuma ujumbe wenye maudhi makubwa au wenye kuleta wasiwasi, na watu walishtakiwa kwacho kwa maandishi yao ya Facebook. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba maneno yake yalikuwa mapana na yasiyo na mpaka, hivi kwamba raia asingeweza kujua mapema ni lini anavunja sheria. Dada yenu naye, alipokuwa akiandika, angejuaje kwamba kusema "sitachangia" ni kosa? Lingekuwa kosa au lisingekuwa kutegemea ni wangapi wangekasirika baada ya kusoma, na hilo si jambo ambalo msemaji anaweza kulipima.

Andikeni upya kifungu hicho kwa kutaja vitendo: kumtukana mwenzako, kuzungumzia maumbile yake, ndoa yake au uzazi wake, kumsingizia jambo, kutoa nje ya kundi maneno au picha za mwanachama bila ridhaa yake. Mtu akisoma ajue.

Na jihadharini na dawa ya kunyamazisha kila kitu. Kundi letu la wahitimu liligombana vikali wakati wa uchaguzi wa mwaka 2017, tukapiga marufuku siasa. Kisha tukapiga marufuku dini, kisha mambo ya ardhi, kwa sababu kila moja lilileta maneno. Leo tumebaki na pongezi za siku ya kuzaliwa na picha za maua ya asubuhi. Mwaka juzi mwenzetu mmoja alipoteza kazi akakaa miezi minane bila kutuambia, maana alikuwa amezoea kwamba humo ndani mambo mazito hayasemwi.

Babu_wa_Pangani

Wanangu mmesema mengi ya maana kuhusu sheria, nami nitasema kuhusu njia. Mwenyekiti, usimrudishe kundini kwa kubonyeza. Siku atakapojikuta ameingizwa tena bila kuulizwa, ataona umemfanyia mara ya pili kile ulichomfanyia mara ya kwanza, yaani kumwamulia.

Nenda nyumbani kwao. Msiba uliopita bila wewe kufika haurekebishwi kwa ujumbe wa simu. Mchukue mtunza hazina na mwanamke mmoja anayeheshimika kati yenu, mpeleke stahili yake yote mkononi, na mtoe pole kwanza, kama watu waliochelewa msibani. Habari ya kundi msiianze ninyi. Akiianza yeye, mwambie kwa kinywa chako kwamba ulimwondoa bila kumsikiliza na bila mamlaka, na usiongeze neno "lakini" baada ya hapo. Wala usimwambie kwamba wanachama wamemsamehe, maana hakuna alilowakosea. Wale sita waliotishia kuondoka, waache wasikie kutoka kwako mkutanoni, wakiwa wamekaa kwenye viti. Kuna mambo ambayo mtu huyaandika kwenye simu asiyoweza kuyatamka akiwa ameangaliwa usoni. Wahenga walisema vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Mwenye nyumba hatupi kikombe nje kwa sababu kimelia.

Mwana_Kirumba

Bado naamini kwamba michango ya harusi ni kitu chema, na kwamba siku ile haikuwa siku ya kusema alichokisema dada huyo. Nikiwa ndani ya kundi hilo ningemjibu, tena kwa ukali wa hoja. Lakini sikujua habari za harusi 11 nilipoandika mara ya kwanza, na kwa mtu aliyetoa mara 11 bila kupokea, neno langu kuhusu deni linalozunguka halimhusu. Arudishwe, halafu mjadala wenyewe uendelee akiwemo. Natamani kumsikia akijibu hoja yangu.

Mwenyekiti_Moro

Ndugu zangu, narudi kuwapa mrejesho kwa kuwa mlinipa muda wenu.

Jumamosi tuliitisha mkutano mjini Morogoro, wakafika 41, wengine wakashiriki kwa simu. Nilisoma kifungu cha 12 kwa sauti, nikasema kwamba nilikitumia kifungu cha 9 kinyume chake na kwamba rambirambi niliizuia mimi, wala si mtunza hazina. Kati ya wale sita, wawili walitoka nje kabla sijamaliza. Mmoja kati ya wale walioandika habari za ndoa na mtoto alisimama akasema ataandika barua ya kumwomba radhi. Mwingine hakusema kitu. Aliyepiga skrinishoti hakujitokeza. Kifungu cha 9 tumekifuta kwa kura 33, na rasimu mpya inafuata maneno ya ndugu yetu wa Kisumu.

Jana tulikwenda nyumbani kwao, mimi, mtunza hazina na dada mmoja aliyekuwa mlezi wa bweni letu. Tulimkuta na mama yake. Tulitoa pole, tukakabidhi shilingi 500,000, na mama yake akazihesabu polepole mbele yetu kisha akatukaribisha chai. Habari ya kundi aliianza yeye mwenyewe tulipokuwa tunaaga. Nikamwambia kama Babu alivyonielekeza, nikanyamaza. Alikaa kidogo, akaniuliza kama wale wengine walijua kwamba siku ya mazishi alikuwa na watu wachache wa kubeba jeneza. Sikuwa na jibu. Akasema ameshukuru kwa kuja kwetu, na kwamba habari ya kurudi ataifikiria baada ya arobaini ya baba yake.