Stesheni ndogo za reli ya zamani: zigeuzwe nyumba za kuishi au ziachwe?

Mleta mada: Wakuu, njia ya Tanga–Moshi ina stesheni zimekaa tu, popo darini. Kuta za mawe, nene, baraza pana. Zikodishwe watu waishi: ukumbi wa abiria sebule, ofisi ya stesheni masta chumba, stoo ya vifurushi jiko. Mnasemaje?

Taruma: Sikubali. Treni ya abiria ilirudi njia hiyo mwishoni mwa 2019 baada ya kulala miaka. Ukishampa mtu sebule, abiria anyeshewe? Na hapo ni ndani ya hifadhi ya reli, ile ardhi iliyotengwa kando ya njia.

Mwiko: Mbona kazi ndogo. Bandua plasta yote, piga saruji moja kwa mchanga nne, rangi ya mafuta, hamia.

Chokaa Kwanza: Huyu asipewe funguo! Mawe yale yamejengwa kwa chokaa, na chini hakuna kizuia unyevu. Maji ya ardhini hupanda ukutani na kutokea usoni. Ukiziba kwa saruji na rangi ya mafuta yanazidi kupanda, chumvi inaganda nyuma, plasta inaachia mabonge mabonge. Tumia chokaa moja, mchanga tatu, tabaka nyembamba, kila moja ifunikwe magunia mabichi siku kadhaa.

Mwiko: Siku kadhaa kila tabaka? Mpangaji atahamia na wajukuu. Mjerumani kajenga 1905 kwa chokaa yako, mbona zinabomoka?

Chokaa Kwanza: 1905 ni reli ya Dar, bwana. Ya Tanga ilianza 1893. Zinabomoka kwa sababu bati zimeng'olewa, mvua inaingia kwa juu katikati ya ukuta. Paa kwanza, plasta baadaye.

Mama Pima Maji: Mnagombea plasta, jukwaa la kupandia treni hamlioni. Likititia upande wa nyumba, maji yote yanakuja mlangoni. Livunjeni ukanda wa mita moja, mmwage upya kwa mteremko wa sentimita 2 kila mita kuelekea relini. Na baraza msilizibe kupata chumba, ndilo linalokinga ukuta jua na mvua.

Mwiko: Mama nakusikia. Huyu wa chokaa ndiye anajifanya profesa.

Taruma: Na abiria je?

Mwiko: Abiria gani tena? Chokaa Kwanza, hiyo chokaa ni ya mfuko au ya kuloweka shimoni?