Mkopo wa halmashauri: mashine ya vidonge au turubai?

Wakuu, habari za majukumu. Kikundi chetu cha kinamama wafugaji, Muheza, kinataka kuomba mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengewa vikundi, kinunue mashine ya vidonge vya malisho (majani yanayokaushwa, kusagwa na kushindiliwa). Hauna riba, sawa, ila unarudishwa. Napinga.

Shida ni maji. Mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, yakiwa mabichi ni maji kama asilimia 80. Kata tani 1, kausha hadi vidonge visiote ukungu, unabaki na kilo 225 hivi. Zile 775 umezibeba kichwani bure, kisha unalipia moto zipae. Bado kuyasaga kabla ya kuyashindilia. Na majani hujaa lini? Masika, wakati hata kanga inakaa kambani siku tatu na bado inanuka uvundo.

Kwa lusina, ule mti wa malisho, kukausha kunakubali, tena bila mashine. Matawi juu ya turubai, jua siku mbili tatu, unapiga fimbo, majani yanadondoka, unajaza kiroba. Protini ni sehemu ya tano ya uzito mkavu, au zaidi, kwa hiyo mashudu (makapi ya mbegu za mafuta) unanunua machache. (Ni ya ng'ombe. Kuku na nguruwe msiwashindilie.)

— Dada, naomba kutofautiana. Mimi nabeba marobota ya majani makavu kutoka Kibaha kwenda Dar. Fuso linajaa hadi kwenye kamba, ukipima uzito hamna kitu, na dizeli ni ile ile. Vidonge vinabeba kilo nyingi zaidi kwenye nafasi hiyo hiyo. Anayeuza mbali atafanyaje?

— Kaka, kwako hesabu inakubali. Ila ng'ombe wetu wako kijijini humu humu. Dar tutamuuzia nani, na nani ameshaahidi kununua?

— Mbona hamtaji sileji, malisho mabichi yanayofukiwa bila hewa yasioze? Sisi tulikata mahindi punje zikianza kukaza, tukafukia shimoni. Hatukushindilia vizuri, pembeni pakaoza, tukatupa. Iliyobaki ng'ombe walikula mpaka Februari. Ni maji theluthi mbili, kuisafirisha ni hasara, lakini ikiliwa pale pale ilipofukiwa maji hayo hayakugharimu kitu.

— Hapo tumeelewana. Jumamosi napeleka hoja: mashine ya kukatakata majani, nailoni ya shimo la sileji, maturubai sita. Tatizo katibu ameshapiga picha na muuza mashine na kuirusha kwenye grupu la kikundi.