Naombeni ushauri: nitaionjaje na kuihukumu pale ale ya Kiingereza bila kumwonea aliyeitengeneza?

MkaziWaSinza
Habari zenu wakuu. Nimepewa chupa kadhaa za bia ya aina ya pale ale ya Kiingereza, iliyotengenezwa nyumbani hapa hapa Dar es Salaam, na nimetakiwa niionje na kuijazia fomu ya alama 50, ile inayotumiwa na waamuzi wa Beer Judge Certification Program ya Marekani. Mgawanyo wake ninaufahamu: harufu ina alama 12, mwonekano 3, ladha 20, jinsi bia inavyojisikia mdomoni 5, na tathmini ya jumla 10. Kinachonikwamisha ni harufu ya siagi. Nimesoma kwamba katika bia za Kiingereza siagi kidogo huvumiliwa, lakini sijui hicho kidogo kinaishia wapi, na fomu inatakiwa Jumamosi. Naombeni mnisaidie bila kejeli, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi.

KimeaNaHamira
Karibu, mkuu. Kabla hatujafika kwenye siagi, ungetueleza kwanza uliinywa ikiwa na ubaridi gani. Wengi wetu tumekulia kwenye laga, na mhudumu akituuliza kama tunataka ya baridi au ya moto tunajibu bila kufikiri. Bia hii haitaki mojawapo ya hizo mbili. Waingereza huihifadhi kwenye ghala la chini ya baa, katika nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi, na ukiinywa mara tu inapotoka kwenye friji, baridi itakuficha hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, pamoja na makosa yote.

Tumia glasi safi isiyo na mabaki ya sabuni, kwani sabuni huua povu. Usiijaze, ili harufu ipate nafasi ya kukusanyika, na uinuse mara tu unapomimina, kwa kuwa harufu nyingine hutoroka ndani ya dakika chache. Unachokitafuta ni kimea kinachonukia biskuti au mkate uliookwa, tunda kwa mbali linalotokana na hamira, na hopsi za Kiingereza kama Fuggle au East Kent Goldings, ambazo hunukia maua, majani na udongo, wala si maembe na machungwa kama zilivyo nyingi za Kimarekani. Gesi yake ni ndogo kwa asili, kwa hiyo usimkate mtu alama kwa kudhani kwamba bia imekufa. Uchungu ubaki kooni baada ya kumeza, ila usiukwaruze ulimi.

MamaWawiliTabata
Mwanangu, mimi nimeokoka na sitakufundisha kuonja pombe. Hata hivyo nimesoma ulichoandika mara mbili, na sioni mtu mzima anayekosa usingizi kwa ajili ya siagi. Wewe hukumu unayo tayari, unachokiogopa ni atakayeipokea. Hiyo bia ni ya nani?

MzeeWaKibosho
Vijana mnahangaika na fomu, ilhali sisi tulikulia kwenye mbege. Bibi yangu aliipika kwa ndizi mbivu na ulezi, na uchungu aliutoa kwenye magome ya msesewe, hivyo mtu asije akadhani kwamba uchungu katika pombe uliletwa na Mzungu. Alikuwa akichota kidogo kwa kata, anaipitisha mdomoni huku ametazama pembeni kana kwamba anasikiliza, kisha anaitema. Akinyamaza, sisi watoto tulijua kwamba hakuna atakayekaribishwa siku hiyo. Mbege ikipitiliza huwa kali na chachu, na ile ya jana hakuwahi kuwauzia wageni kama ya leo, hata wangemwomba vipi.

MkaziWaSinza
Nawashukuru nyote. Bia ni ya mzee mmoja ninayemheshimu, na sidhani kama jina lake linabadilisha ladha. Nimefuata maelekezo ya KimeaNaHamira, na ilipopata joto kidogo siagi iliongezeka badala ya kupungua. Naomba tubaki kwenye swali langu: je, nikisema kwamba ni sifa ya mtindo wa Kiingereza, nitakuwa nimekosea?

KimeaNaHamira
Jina halibadilishi ladha, lakini fomu ya nini, mkuu, wakati hakuna mashindano? Katika mashindano chupa hupewa namba na mwamuzi hajui anamhukumu nani, ilhali wewe unamjua mwenyewe na pengine umekula kwake. Hilo linabadilisha mengi kuliko nyuzi za Selsiasi, kwa hiyo tueleze fomu hiyo inakwenda kufanya kazi gani.

MajiNdiyoMambo
Ninashangaa kwamba hakuna aliyeuliza kuhusu maji. Sifa ya pale ale ilijengwa na mji wa Burton upon Trent, ambao maji ya visima vyake yana jasi nyingi, na salfeti iliyomo humo huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na wenye makali. Watengenezaji bia wa Bass walikuwa wa huko, na pembetatu yao nyekundu ndiyo alama ya biashara ya kwanza kusajiliwa Uingereza, mwaka 1876. Sasa mtu wa Dar akichota kisima chenye chumvi chumvi, kloraidi itamletea bia laini na nene mdomoni badala ya ile kavu, hata akinunua hopsi za Kent kwa gharama yoyote. Hebu muulize huyo mzee anatumia maji ya bomba au ya kisima.

MkaziWaSinza
Sikupenda kuingiza mambo ya familia humu, lakini naona nitaulizwa mpaka kesho. Bia ni ya baba wa mchumba wangu. Amestaafu, na amepata fremu Kimara anayokusudia kuilipia kwa kiinua mgongo chake ili aanze kutengeneza bia hii na kuiuza. Nilipokwenda kujitambulisha, mazungumzo yalifika kwenye masomo yangu ya Uingereza, nikasema kwamba bia zao ninazijua vizuri, naye akaniambia kwamba atasubiri fomu yangu kabla ya kulipa kodi. Chupa ya kwanza niliionjea sebuleni kwake ikiwa bado mpya, nikaipa alama 42. Zenye siagi ni hizi nilizokuja nazo nyumbani, ambazo zimekaa kabatini tangu wakati huo.

Hata hivyo, sioni kosa la kuiacha 42 kama ilivyo. Chupa ile ilistahili, bia ya nyumbani haiwezi kulingana chupa kwa chupa, na kundi la juu kabisa linaanzia 45, kwa hiyo sijamsifu kupita kiasi.

KimeaNaHamira
Mkuu, kundi la 38 hadi 44 ni la bia inayouwakilisha mtindo wake vizuri na inayohitaji marekebisho madogo tu. Usijifariji kwa 45.

Ladha ya siagi hutokana na dayasetili. Hamira huizalisha inapochachusha, kisha huifyonza yenyewe ikiachwa imalize kazi. Mtengenezaji akiwa na haraka ya kujaza chupa, dayasetili hubaki. Ikiwa ya mbali sana, imejificha nyuma ya kimea, waamuzi huivumilia katika bia hizi. Ikiwa ndiyo inayotangulia kabla hujagusa glasi, ni kosa, na hakuna mtindo unaoitetea. Linalonitia wasiwasi ni kwamba kwako haikuwapo mwanzoni, imekuja baadaye. Joto la Dar lina makosa yake, kwani hamira za Kiingereza nyingi hupenda nyuzi 18 hadi 20, na ukizichachusha kwenye 30 unapata matunda yaliyozidi na kileo kinachounguza koo. Lakini hayo hujulikana tangu chupa ya kwanza.

MpeleleziWaMtaa
Samahanini, lakini mimi naona tunanyweshwa chai. Tazameni jinsi kisa kilivyokamilika: mchumba yupo, kiinua mgongo kipo, fremu ipo, masomo ya Uingereza yapo, na kila mchango ukilegea inaongezwa habari mpya. Mstaafu wa Kimara anazitoa wapi hopsi za Kent? Kama chupa zipo kweli, shika moja uielekeze kwenye mwanga, uitazame shingo yake, uifungue, kisha utuandikie ulichokiona kabla hujaenda kuuliza mtandaoni.

MzeeWaKibosho
Hata mimi lile suala la kwenda kujitambulisha lilinipa shaka, kwa kuwa mkwe wa siku hizi anapewa soda, hapewi fomu.

MkaziWaSinza
Nimesikitika kuitwa mwongo kwa jambo linalonigharimu hivi. Hopsi huletwa na shemeji anayesafiri, zikiwa kwenye pakiti zilizoondolewa hewa, na mzee huzihifadhi kwenye friza. Nimefanya ulichotaka. Shingoni, pale bia inapoishia, kuna mstari mweupe ulioganda kwenye kioo na kuizunguka chupa nzima. Nilipofungua, povu lilipanda lenyewe na kumwagika mezani kabla sijainamisha chupa, na liliendelea kutoka hata nilipoziba kwa kiganja. Iliyobaki ina ukungu, ingawa ile ya sebuleni ilikuwa na rangi ya shaba na niliweza kuona vidole vyangu upande wa pili wa glasi. Siagi imekuwa nzito, na nyuma yake kuna uchachu wa mtindi ambao sikuutaja mwanzoni kwa sababu nilidhani ni ulimi wangu.

KimeaNaHamira
Mpelelezi, umemsaidia kuliko sisi sote. Mstari shingoni, povu linalojimwaga, uchachu na siagi vikija pamoja, hilo si suala la mtindo tena; kuna bakteria ndani ya chupa. Ninamshuku Pediococcus, kwa sababu ndiye mwenye tabia ya kuleta uchachu na dayasetili kwa pamoja, na kabati la Sinza lenye joto limemharakishia kazi. Kwa hiyo 42 yako yaweza kuwa ya haki kwa chupa ile, na bado isimfae mzee hata kidogo, kwani bia ya kuuza haitanywewa sebuleni siku anayokuwapo mwenyewe. Itakaa dukani.

Andika fomu mbili, kila moja iwe na tarehe ya kujazwa chupa na tarehe ya kuonjwa. Kwenye ya pili usinung'unikie mapishi, maana chupa ya kwanza inaonyesha kwamba anajua kupika. Mwambie aangalie mipira ya kuhamishia bia, koki, na ndoo zenye mikwaruzo, ambako uchafu hujificha hata baada ya dawa, na jinsi anavyoziosha chupa zenyewe. Kubadilisha mipira ni nafuu kuliko kodi ya mwezi mmoja.

MkaziWaSinza
Maelezo nimeyaelewa, lakini bado naona ingekuwa busara kupeleka 42 kwanza, kisha habari za mipira nimweleze kidogo kidogo baada ya posa kupokelewa. Mzee ana hasira za karibu, na fomu ya pili haitafika hata 20.

MamaWawiliTabata
Posa ina haraka gani kuliko kiinua mgongo? Mwenye fremu akishapokea kodi hairudishi, na mchumba wako atakuuliza ulijua tangu lini. Mpelekee zote mbili Jumamosi.

MpeleleziWaMtaa
Mimi bado sijaridhika kwamba shemeji huyo yupo, ila habari ya mstari shingoni sidhani kama mtu angeibuni. Chupa zimebaki ngapi?

MkaziWaSinza
Imebaki moja. Nimeihamishia kwenye friji, na ninafikiria kwenda nayo Kimara ili mzee aionje mwenyewe kabla sijamkabidhi karatasi yoyote. Fomu ya pili nimeanza kuijaza, na nimefika kwenye mwonekano.

KimeaNaHamira
Nenda nayo ikiwa ya baridi na imesimama wima, na usiitikise njiani. Muombe mzee atoe na chupa moja aliyoihifadhi mwenyewe, ili muonje zote mbili kwa pamoja, kwa sababu kama ya kwake nayo ina mstari, hatakuwa na namna ya kulilaumu kabati lako. Na mzifungulie juu ya sinki.